Shokapu iliyochoka hula mtaji kimyakimya

WENYE magari madogo ya biashara katika mji wa Mtama, mkoani Lindi, kama wenzao wa miji mingine midogo nchini, wengi wao hupeleka gari kwa fundi pale linapogoma kuwaka au breki zinapopiga kelele. Shokapu, springi na bushi husubiri. Gari linaendelea kutembea, mzigo unafika, na fedha iliyokuwa iende kwenye spea inaingizwa kwenye bidhaa. Kwa juu juu uamuzi huo ni wa kibiashara. Hesabu ya mwaka mzima huonesha kinyume chake.

Shokapu iliyokufa haisimamishi gari. Hula tairi kabla ya wakati wake, hulegeza boljointi, hurefusha umbali ambao gari linahitaji ili kusimama, na huvunja mayai na chupa zilizopakiwa nyuma. Hasara hiyo haiji siku moja, kwa hiyo haiandikwi daftarini. Inalipwa kidogo kidogo kutoka kwenye faida, na mwenye gari hudhani kuwa biashara ndiyo mbaya.

Kubadilisha shokapu ni kazi inayoweza kufanyika uani nyumbani kwa vifaa vichache. Jambo la kupima ni sehemu ipi ya kazi hiyo mwenye gari anaweza kuifanya kwa mikono yake akaokoa ujira, na ni ipi ambayo kuokoa ujira huo kunaweza kumgharimu mkono au maisha.

Njia na mzigo

Mtama iko kwenye barabara kuu inayotoka njia panda ya Mnazi Mmoja, karibu na Mingoyo, kuelekea Nyangao, Ndanda na Masasi. Lami ipo, lakini mzigo wa Mtama hauanzii wala hauishii kwenye lami. Korosho, ufuta na mbaazi hutoka vijijini kwa njia za udongo na mchanga hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika. Samaki hupanda kutoka Lindi. Sukari, sabuni na mabati hutoka Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 500.

Barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi imebadilika sana tangu Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, na tangu kipande cha Ndundu hadi Somanga, chenye kilomita 60, kilipowekwa lami katika muongo uliofuata. Kabla ya hapo magari yalikuwa yakikwama kwenye tope wakati wa mvua. Hata hivyo, Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo katika sehemu kadhaa za wilaya ya Kilwa. Mwaka 2025 mawasiliano yalikatika tena katika eneo la Somanga Mtama, ambalo liko Kilwa na ni tofauti na mji wa Mtama unaozungumziwa hapa.

Barabara inapokatika, magari hupita kwenye michepuko yenye mashimo na mawe, na hapo shokapu iliyokuwa imebakiza miezi sita humalizika kwa safari moja. Wakati huohuo spea zinazotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam huchelewa. Kutokana na hali hiyo, spea inayonunuliwa baada ya gari kuvunjika ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu mnunuzi hana muda wa kuchagua wala nafasi ya kupatana bei.

Aidha, upo mzigo wenyewe. Toyota Probox, gari linalopendwa na wafanyabiashara wadogo, lilitengenezwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili. Magunia matano ya kilo 80 yanafikisha kiwango hicho. Gunia la sita na la saba huonekana kama faida ya bure, lakini husukuma springi za nyuma hadi mwisho wa safari yake, na kila shimo linapopigwa shokapu hugonga chuma kwa chuma.

Kazi ya shokapu

Watu wengi huamini kwamba shokapu ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Kinachobeba gari ni springi. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, springi hubanwa, kisha hurudi kwa nguvu ileile iliyobanwa nayo. Ikiachwa peke yake itaendelea kupanda na kushuka, na gari litaruka kama mpira. Shokapu imewekwa ili kuzuia kuruka huko.

Ndani ya shokapu mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia matundu madogo. Mafuta hupita kwa shida, na nguvu ya mrusho hugeuka kuwa joto linalopotelea hewani. Shokapu nyingi za sasa huongezewa gesi ya naitrojeni ili mafuta yasitoe povu yanapochemka katika njia mbaya. Sili ya juu ikikatika mafuta huvuja, matundu hayana tena cha kuzuia, na gari hubaki na springi peke yake.

Katika magari mengi madogo, kama Corolla, Probox na Noah, shokapu ya mbele na springi vimeunganishwa kuwa nguzo moja. Mpango huo unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani, na ulipata umaarufu kupitia magari ya Ford Consul na Zephyr yaliyooneshwa London mwaka 1950. Ni mpango rahisi kutengeneza na unaacha nafasi kubwa ya injini. Ubaya wake kwa fundi wa nyumbani ni kwamba shokapu haitoki bila kuifungua springi iliyobanwa, na humo ndimo ilimo hatari ya kazi hii.

Mwenye Hiace au lori la Canter ana habari nyingine. Hiace haina nguzo ya namna hiyo mbele, na nyuma yake, kama ilivyo kwa Canter, hukaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Shokapu za magari hayo hufunguliwa zenyewe bila kugusa springi, na kwa mtu mwenye spana nzuri ni kazi ya muda mfupi. Maelezo yafuatayo yanahusu zaidi magari yenye nguzo.

Dalili kabla ya kutoa fedha

Kosa la kwanza linalopoteza fedha ni kubadilisha kifaa kizima na kuacha kibovu. Gari likigonga chini, wengi hununua shokapu moja kwa moja, kisha mgongo unaendelea kama kawaida. Mara nyingi anayegonga ni kiungo kidogo cha stablaiza, bushi iliyopasuka au boljointi iliyolegea, vifaa ambavyo kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya jozi ya shokapu.

Uchunguzi wa nyumbani hauhitaji mashine. Kwanza, mwenye gari atazame mwili wa shokapu kwa tochi. Unyevu mwembamba karibu na sili si tatizo kubwa, lakini mafuta yaliyotiririka na kushika vumbi hadi chini ni hukumu: shokapu hiyo imekwisha. Pili, apitishe kiganja juu ya tairi. Tairi lenye mabonde na vilima vinavyofuatana limekuwa likirukaruka barabarani. Lililolika upande mmoja tu huashiria mpangilio mbaya wa magurudumu au bushi zilizokufa.

Tatu, abonyeze kona ya gari kwa uzito wake na kuachia. Gari likipanda na kushuka zaidi ya mara moja au mbili kabla ya kutulia, shokapu ni ya kutiliwa shaka. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwani shokapu iliyochoka nusu inaweza kukifaulu. Nne, gari likiwa limeinuliwa na kushikiliwa vema, atikise gurudumu kwa kulishika juu na chini. Mchezo wa aina hiyo hutoka kwenye boljointi au beringi ya gurudumu. Akilishika kushoto na kulia na mchezo ukaonekana, aangalie tairodi. Tano, mtu mmoja azungushe usukani huku mwingine akigusa springi kwa ncha za vidole. Springi inayorukaruka au kutoa mlio husema kwamba beringi ya juu ya nguzo imekwama.

Barabarani dalili ni pua ya gari kuinama sana linapofungwa breki, bodi kuyumba kwenye kona, na usukani kupoteza mwelekeo kwenye lami yenye mawimbi. Dalili hizi ndizo zinazogusa uhai. Tairi linaloruka haligusi barabara muda wote, na tairi lisilogusa barabara halifungi breki.

Hesabu ya mtaji

Bei za spea hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo namba zifuatazo si bei za soko bali ni mfano wa kujifunzia. Kila mmoja aweke za kwake.

Mfanyabiashara anayeleta samaki Mtama kutoka Lindi kwa Probox anatakiwa kutoa sh. 200,000 kwa shokapu mbili za mbele, sh. 80,000 kwa mauntingi, bushi na viungo vya stablaiza, sh. 40,000 ujira wa fundi na sh. 30,000 kupanga magurudumu. Jumla ni sh. 350,000. Zikidumu miaka miwili, yaani takriban wiki 100, kila wiki imebeba sh. 3,500.

Mwenzake anaahirisha. Tairi zake mbili za mbele zilinunuliwa kwa sh. 300,000 na zilitegemewa kudumu miezi 18, lakini zimeisha katika miezi tisa. Nusu ya thamani, sh. 150,000, imepotea. Siku moja boljointi inaachia njiani, gari linalala barabarani, barafu inayeyuka na samaki wa sh. 250,000 wanaharibika. Jumla ya hasara ni sh. 400,000, na shokapu bado hazijanunuliwa.

Mfano huo unaonesha jambo jingine ambalo mwenye gari huwa halioni. Ujira wa fundi, sh. 40,000, ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya gharama yote. Anayefanya kazi mwenyewe akaokoa ujira huo, lakini akanunua shokapu bandia zinazokufa baada ya miezi mitatu, hakuokoa kitu. Fedha kubwa iko kwenye uchaguzi wa spea na kwenye wakati wa kuzinunua.

Vilevile vifaa vina gharama. Iwapo stendi za chuma, spana kubwa na kifaa cha kubania springi vitamgharimu sh. 150,000, atahitaji karibu kazi nne za namna hiyo ili fedha yake irudi. Kwa mwenye gari moja hiyo ni miaka mingi. Kwa wenye magari wanne waliochangia vifaa hivyo, fedha inaweza kurudi kila mmoja anapotengeneza gari lake mara moja. Kuchanga vifaa kwa namna hiyo kunafaa zaidi kuliko kila mmoja kununua vya bei poa peke yake.

Mpya, mtumba na bandia

Soko kuu la spea kwa wateja wa kusini ni Kariakoo, Dar es Salaam, ambako maduka mengi ya spea yamejaa eneo la Gerezani. Mteja wa Mtama huagiza kwa simu, hulipa kwa mtandao wa simu na kupokea mzigo wake kutoka kwenye basi liendalo Masasi. Utaratibu huo ni wa haraka, lakini unampa muuzaji nafasi ya kutuma anachotaka. Kinga ya kwanza ni kuagiza kwa namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye kibati cha gari, na si kwa jina la gari na mwaka tu. Magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa na shokapu tofauti kwa sababu moja huvuta kwa magurudumu mawili na lingine kwa manne.

Kinga ya pili ni kutumiwa picha ya boksi, ya namba ya spea na ya kifaa chenyewe kabla ya kulipa. Ya tatu ni risiti ya EFD. Bila risiti hakuna madai. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini, na mlalamikaji asiye na ushahidi wa manunuzi hana pa kuanzia.

Mzigo ukifika uchunguzwe kabla ya kufungwa. Shokapu nzuri ikisimamishwa wima na kusukumwa hushuka kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ikiwa na gesi hupanda yenyewe polepole. Inayoshuka kwa urahisi kisha ikakwama ghafla, inayotoa mlio wa maji, au yenye mkwaruzo kwenye fimbo yake inayong'aa, irudishwe. Mkwaruzo mdogo kwenye fimbo hukata sili kama wembe. Wino wa boksi unaofutika kwa kidole na jina la kampuni lenye herufi iliyokosewa ni dalili za bandia. Majina makubwa kama KYB ya Japani huigwa kwa sababu yanauzika.

Shokapu za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyochinjwa zina wateja wake. Ubora wake unaweza kuwa mzuri kuliko wa bandia mpya, lakini umri wake haujulikani na mara nyingi hazina dhamana. Anayezichukua achukue jozi iliyotoka kwenye gari moja. Kanuni hii inahusu hata mpya: shokapu za ekseli moja hubadilishwa zote mbili pamoja. Moja mpya na moja kuukuu hulifanya gari livute upande mmoja wakati wa breki, na hapo ndipo safari ya kuokoa nusu ya bei huishia mtaroni.

Kazi ya uani

Uwanja uwe mgumu na ulio sawa. Mchanga, ambao Lindi haukosekani, humeza jeki. Penye mchanga uwekwe ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya stendi. Breki ya mkono ivutwe, gia iwekwe, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au vigingi mbele na nyuma. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini.

Gari likishainuliwa likalishwe juu ya stendi za chuma mahali pa chesisi palipo imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tofali la saruji lisitumike kamwe: linaweza kubeba gari kwa dakika kumi, kisha likapasuka bila onyo. Gurudumu lililofunguliwa lisukumwe chini ya bodi kama akiba ya mwisho.

Bolti zisafishwe kwa brashi ya waya na kumwagiwa mafuta ya kulegeza kutu, ikiwezekana jioni ya siku moja kabla. Chumvi ya pwani hushikamanisha nyuzi za bolti, na bolti inayokatika kazini huongeza siku ya pili. Kisha mpira wa breki na waya wa ABS vitolewe kwenye vishikizo vyake vya nguzo, na nati ya kiungo cha stablaiza ifunguliwe. Kiungo kikizunguka na nati yake, kishikwe kwa ufunguo wa ndani na si kwa koleo.

Chini ya nguzo kuna bolti mbili kubwa zinazoishika na chuma cha gurudumu, aghalabu za namba 17 au 19. Kabla ya kuzigusa, pawekwe alama ya rangi au mkwaruzo kuonesha zilivyokaa, kwa sababu katika magari mengine hizo ndizo zinazopanga mlalo wa gurudumu. Chuma cha gurudumu kishikiliwe kwa jeki ya pili au kifungwe kwa waya, kisije kikaanguka kikavuta mpira wa breki au kikachomoa shafti.

Bolti hizo zikitoka, mtu mmoja ashikilie nguzo kwa chini huku mwingine akifungua nati za juu ndani ya boneti, aghalabu tatu za namba 12 au 14. Nati kubwa ya katikati isiguswe. Hiyo ndiyo inayozuia springi yote. Ikifunguliwa hapo, springi itapasuka nje mithili ya mtego.

Springi si ya mzaha

Gari la kilo 1,100, ambalo injini yake iko mbele, huweka takriban kilo 300 juu ya kila gurudumu la mbele. Hata gari likiwa hewani, springi hubaki imebanwa kwa nguvu ya kutosha kuvunja taya. Njia za kamba, mnyororo au watu wawili kukalia springi zimo katika mazoea ya baadhi ya vijiwe, na zinapofaulu mara kumi huwapa watu imani ya uongo kuhusu mara ya kumi na moja.

Kifaa halali ni kile chenye skrubu mbili ndefu zenye makucha. Makucha huwekwa pande mbili za springi zinazotazamana, yakishika mizunguko mingi kadiri inavyowezekana, na skrubu hukazwa kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule. Springi ikilegea ndani ya vikombe vyake na nguzo kuweza kuzungushwa kwa mkono, ndipo nati ya katikati inafunguliwa. Wakati wote huo uso na kifua visikae mbele ya ncha ya nguzo, wala nguzo isielekezwe kwa mtu.

Ipo njia ya kati inayofaa wafanyabiashara wengi. Mwenye gari hufungua nguzo nzima nyumbani, huipeleka gereji yenye kifaa cha kubania springi, hulipa kazi ya springi peke yake, kisha huirudisha na kuifunga mwenyewe. Anaokoa sehemu ya ujira na kumwachia mwenye kifaa ile sehemu ambayo kosa lake halina marekebisho.

Springi ikishatoka, mpira wa kuzuia kugonga, kinga ya vumbi na beringi ya juu vichunguzwe. Kurudisha beringi iliyokwama ili kuokoa shilingi chache ni kujiandalia kufungua kazi yote upya. Shokapu mpya isimamishwe wima na kupigwa pampu taratibu mara kadhaa ili hewa itoke kwenye mafuta. Fimbo isishikwe kwa koleo. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake ndani ya kikombe, nati ya katikati ifungwe, na kifaa kilegezwe kwa zamu kama kilivyokazwa.

Baada ya kufunga

Nguzo hurudishwa kwa kuanza na nati za juu, ambazo mwanzoni hufungwa kwa mkono tu, kisha bolti za chini kwenye alama zake. Vishikizo vya mpira wa breki visisahauliwe. Mpira unaoning'inia husagwa na tairi, na breki hupotea siku usukani unapokatwa hadi mwisho. Kiwango cha kukaza kila bolti hupatikana katika kitabu cha gari husika. Nati za gurudumu za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutoni mita 103, kwa kuvuka kutoka nati moja hadi inayoitazama.

Bushi za mikono ya chini zina sharti lake. Bolti zake zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa hewani, mpira wa bushi hubaki umejipinda kila wakati na hupasuka mapema, na mwenye gari humlaumu muuza spea pasipo haki.

Kabla ya kuondoka pedali ya breki ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Safari ya kwanza iwe fupi, ya taratibu na bila mzigo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 bolti zote zikaguliwe. Kisha gari lipelekwe kupangwa magurudumu kwenye mashine. Kwa anayekwenda Lindi, Mtwara au Dar es Salaam kwa shughuli zake, jambo hilo liunganishwe na safari. Shokapu mpya bila kupanga magurudumu hula tairi sawasawa na shokapu mbovu, na hesabu yote ya hapo juu inageuka.

Wakati wa kununua

Kalenda ya fedha ya Mtama inafahamika. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho huanza Oktoba hadi kuelekea Januari. Mvua hushika kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mwenye gari anayesubiri fedha ya korosho ndipo anunue shokapu hununua wakati barabara za udongo zimeanza kuharibika na gari linahitajika kila siku. Anayetenga kiasi kutoka kwenye ufuta na mbaazi, akafanya kazi hiyo Agosti au Septemba, huingia msimu wa korosho na gari lililokwisha kujaribiwa.

Kwa ujumla, mwenye spana, stendi za chuma, uwanja mgumu na msaidizi anaweza kufungua na kufunga nguzo nyumbani. Asiye na kifaa halali cha kubania springi aiache springi kwa mwenye nacho. Asiye na stendi asiingie chini ya gari. Na yeyote yule, awe anafanya mwenyewe au analipa fundi, aanze na tochi na kiganja juu ya tairi Jumapili hii. Ukaguzi huo ni wa bure, na mara nyingi ndio unaoonesha kama faida ya mwezi imeliwa na soko au imeliwa na gari lenyewe.